Simu Ilituambia Yuko Hai, Haikutuambia Yuko Wapi

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa la Kariakoo liliposhuka, mimi nilikuwa mtaa wa pili nafungua fremu, hata kitenge kimoja nilikuwa bado sijatundika. Kilichonikaa kichwani mpaka leo sio mshindo wala lile vumbi, ni simu. Kuna kaka alikuwa amesimama pembeni yangu kaweka spika, anaongea na dada yake aliyeko chini ya kifusi. Dada anaongea vizuri tu, anasema wako watatu, giza, kuna maji yanatiririka mahali. Sisi wote tumeinama tunasikiliza. Kaka akamuuliza, "Uko upande gani?" Akajibu, "Nawasikia mnagonga ila sio hapa, sogeeni kulia." Tukatazamana. Kulia kwake ni wapi? Yeye mwenyewe hajui kalala kaelekea wapi, na sisi huku juu tuna mlima wa zege na nondo usio na mbele wala nyuma. Wanabishana hivyo hivyo, kulia, hapana rudi, chaji ikakata.

Huyo dada alitolewa jioni akiwa hai, mguu umevunjika, namshukuru Mungu. Lakini yale masaa ya katikati ndo yananisumbua. Nguvu kazi ilikuwepo, nyundo zilikuwepo, mitambo ikaja, zimamoto na wanajeshi wakaja, waliokwama wakapelekewa oksijeni na maji na glukosi, na zaidi ya watu 80 wakatoka hai pale. Hiyo sio kazi ndogo na sitakubali mtu aibeze. Ila zaidi ya 20 hawakutoka. Na kilichotushinda asubuhi ile hakikuwa nguvu, tulikuwa nazo za kutosha. Tulishindwa kujua tuchimbe wapi.

Hilo swali la tuchimbe wapi ndo kazi yote ya mbwa wa uokoaji. Hachimbi, habebi, hatibu. Anasema hapa. Na nataka tulijadili kwa sababu naona Dar tunawatazama hawa mbwa kama tunavyotazama mpira wa Ulaya, tunawashangilia kwenye simu, tunatuma kwenye magrupu, alafu tunafunga video tunaendelea na shughuli kana kwamba hayatuhusu.

Chukua tetemeko la Uturuki na Syria, tarehe 6 Februari 2023. La kwanza lilipiga alfajiri saa kumi na dakika 17 watu wamelala, ukubwa 7.8, alafu mchana wa siku hiyo hiyo likaja lingine la 7.5. Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 50,000. Dunia ikafungua mabegi. Mexico, nchi iliyoko upande wa pili wa bahari kabisa, ikapakia mbwa 16 kwenye ndege. Waingereza wakapeleka watu 76 na mbwa wanne. Waswisi wakaja na watu kama 80 na mbwa wanane. Afrika Kusini nao walipeleka timu. Mbwa mmoja wa jeshi la Mexico, German Shepherd anaitwa Proteo, akafia huko huko kazini, na Mexico wakamzika kwa heshima za kijeshi. Nakumbuka siku hiyo kwenye mwendokasi dada aliyekaa jirani yangu alikuwa anaangalia ile habari anafuta machozi, sura ya mbwa iko kwenye kioo cha simu, na mzee mmoja aliyesimama juu yetu akauliza, "Mwanangu kuna msiba?" Akamwonesha. Mzee akaangalia mpaka mwisho, hakusema kitu, akatikisa kichwa tu.

Kwa hiyo mapenzi tunayo. Sasa tuje kwenye hesabu, maana hesabu ni chungu.

Haiti, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la 7.0, waliokufa ni zaidi ya laki moja kwa makadirio mengi. Timu za kimataifa za uokoaji zikamiminika Port-au-Prince, na zote kwa pamoja, na mbwa wao na mitambo yao, zilitoa watu hai zaidi kidogo ya 130. Waswisi wale wa Uturuki walitoa 11. Frida, yule Labrador wa jeshi la majini la Mexico aliyekuwa anavaa miwani na viatu, mbwa maarufu kuliko wote kwenye hii kazi, katika maisha yake yote ya kazi alikuta watu 12 wakiwa hai. Kumi na wawili. Amekwenda Haiti, amekwenda Ecuador, amefanya tetemeko la nyumbani kwao la 2017, amestaafu 2019, amekufa 2022, na hesabu ya walio hai ni hiyo.

Usinielewe vibaya, kila mmoja kati ya hao ni mama wa mtu, na ningekuwa mimi wa kumi na mbili ningembusu huyo mbwa miguu. Ninachosema ni kwamba mbwa hakuwa na kosa, mbwa alichelewa. Mtu aliyefukiwa anakufa haraka, wengi wanaotoka hai wanatoka siku ya kwanza, na baada ya siku tatu matumaini yanashuka kwa kasi sana. Ndio, Uturuki kuna watu walitolewa wamepitisha masaa 200 na zaidi, dunia nzima tuliona, lakini tuliwaona kwa sababu ni wachache. Sasa timu ya kutoka mbali mpaka serikali iombe msaada, ndege ipatikane, mbwa apimwe makaratasi yake ya chanjo, mitambo ipakiwe, mfike, mjiandikishe uwanjani, mpangiwe mtaa, barabara imepasuka, ni siku ya pili hiyo mkiwahi sana, wengine ya tatu. Wakati huo waliotolewa hai wengi wameshatolewa na nani? Na majirani. Shemeji na nyundo, dogo wa bodaboda na mikono mitupu.

Alafu kuna kitu kingine hatukifikirii, mbwa wa mgeni anakuja akiitwa. Kuna utaratibu wa Umoja wa Mataifa unaitwa INSARAG, ulianzishwa 1991 kutokana na yaliyotokea Mexico 1985 na Armenia 1988, ambako timu za kigeni zilifika kila moja na lake, lugha tofauti, alama tofauti ukutani, wengine wanahitaji kulishwa na watu waliofiwa. INSARAG wakaweka viwango. Timu nzito kwa mfano lazima iweze kufanya kazi maeneo mawili kwa wakati mmoja, usiku na mchana, siku 10, na ijitegemee chakula, maji na mahema. Ni mpango mzuri sana. Lakini mwenye nchi ndiye anayefungua mlango. Morocco Septemba 2023 walipopigwa na tetemeko la 6.8 serikali ilipokea timu za nchi nne tu mwanzoni, Hispania, Uingereza, Qatar na Emirates, timu nyingine zikabaki zimefunga mabegi zinasubiri. Na kaskazini magharibi mwa Syria, vita juu ya tetemeko, mipaka migumu, siku zile za mwanzo watu wa White Helmets, waokoaji wa kujitolea wa Syria, walichimba karibu peke yao. Mbwa walikuwepo duniani, tena wengi, ila hawakuwa pale.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, kwa mtu anayetaka tuelewane mapema: mbwa wa kunisaidia mimi Kariakoo ni yule anayelala Dar. Awe Temeke au Kunduchi, popote, lakini afike ndani ya saa moja na nusu na foleni ikiwemo.

Sasa ngoja nieleze jinsi hii pua inavyofanya kazi, maana watu wengi wanadhani mbwa anamnusa mtu kama anavyonusa mfupa, anaenda juu yake anasimama. Sio hivyo. Mtu hai anatoa harufu muda wote, pumzi, jasho, na vipande vya ngozi vidogo visivyoonekana vinavyodondoka mwilini dakika zote. Hiyo harufu inasafiri na hewa, na ndani ya kifusi hewa inapita inapopata njia. Waliokulia uswahilini kwenye nyumba zisizo na dari wataelewa mara moja: samaki anakaangwa chumba cha mwisho nyuma, unanusa uliyeko chumba cha mbele, na wa chumba cha katikati hajasikia kitu. Zege likilaliana ni hivyo hivyo. Mtu yuko chini ya ngazi za kaskazini, harufu yake inatokea kwenye ufa wa kusini mita kadhaa mbali. Mbwa anabweka kwenye ufa. Mwongozaji wake ndo anatakiwa asome upepo, asome slabu zimelala vipi, aulize jengo lilikuwaje, kisha aseme mtu yuko upande ule. Ni watu wawili hawa, mbwa na mwongozaji, na ukimchukua mmoja bila mwenzake umechukua nusu ya timu.

Ndo maana mbwa mmoja akibweka hawaanzi kuchimba hapo hapo. Wanamtoa, wanamleta wa pili ambaye hakuona mwenzake kafanya nini, naye akibweka pale pale, hapo vifaa vya kusikilizia na kamera za kupenyeza kwenye tundu vinaletwa. Mbwa wengi wanapandishwa kifusini bila kola wala mkanda ili wasinase kwenye nondo, na bila viatu ili kucha zishike zege, anafanya kazi kama dakika 20 au 30 kisha anapumzishwa kwenye kivuli anapewa maji. Na kimya. Mexico mtu akinyoosha ngumi juu, mtaa mzima unanyamaza, jenereta linazimwa, malori yanazimwa, watu maelfu wanashika pumzi. Uturuki wana wito wao wanaupiga kwenye kifusi, "Sesimi duyan var mı?", yani kuna anayesikia sauti yangu? Alafu wanasubiri.

Sisi pale Kariakoo tulikuwa tunajitahidi jamani lakini kimya kilitushinda. Kila mtu ana simu, kila mtu ana mawazo, huyu anaita jina la ndugu yake, yule anaelekeza mtambo, mwingine anarekodi anasimulia kwa sauti, na ukimnyamazisha mmoja wengine watatu wameanza. Kuna kijana wa zimamoto alipiga kipenga mara nyingi mpaka mdomo ukamkauka, nilimpa maji mimi mwenyewe. Hata angekuwepo mbwa bora wa dunia siku ile, kubweka kwake kungemezwa. Kikosi cha mbwa kinakuja na nidhamu yake, na nadhani hiyo nidhamu peke yake, hata kabla mbwa hajanusa, ingeokoa muda.

Kuna na suala la joto, nalo sijaona watu wakiligusa. Mbwa akihema mdomo wazi ulimi nje anajipooza, na akijipooza hivyo hanusi vizuri. Saa sita mchana ya Januari Dar, zege linawaka, hewa inapanda juu moja kwa moja inaitawanya harufu. Mbwa aliyefundishwa kwenye milima yenye theluji akishushwa uwanja wa ndege wa Nyerere saa hiyo atateseka kabla hajaanza. Mbwa aliyekulia kwenye joto hili na unyevu huu, anayejua kufanya kazi alfajiri na usiku, ana faida ambayo pesa hainunui kwa siku mbili.

"Lakini Dar hatuna matetemeko." Nasikia sana hii. Kwanza, tunayo. Agosti 2020, usiku kama saa mbili na robo, nilikuwa kwa dada yangu Upanga ghorofa ya nne, maji kwenye jagi yakaanza kucheza, pazia likacheza, watoto wakacheka wakidhani ni mchezo, tukashuka ngazi pekupeku na majirani ambao tulikuwa hatujawahi hata kusalimiana. Lilikuwa tetemeko la karibu 6.0 lililotokea baharini. Lingekuwa chini ya jiji leo tusingekuwa tunaongea lugha hii. Bukoba Septemba 2016 liliwapiga wenzetu, nyumba zikashuka, watu wasiopungua 17 wakafa. Pili, jengo halihitaji tetemeko ili lishuke. Ijumaa Kuu ya 2013 lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilidondoka likiwa linajengwa, walikufa zaidi ya 30, na watoto walikuwa wanacheza jirani. Alafu Kariakoo 2024. Kwa aliye chini, sababu ya jengo kushuka haimsaidii kitu, giza ni lile lile.

Na hapa ndo penye kuniuma zaidi, kwa sababu pua tunazo. Tena za kiwango cha dunia. Pale Usa River, Arusha, kuna mbwa wanafundishwa miaka yote hii kunusa pembe za ndovu, na wakishafuzu wanapelekwa viwanja vya ndege na bandari za nchi mbalimbali za Afrika. Polisi wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, wanafuata wezi, wananusa dawa za kulevya. Na Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa. Magawa, panya aliyezaliwa hapa hapa Tanzania, alikwenda Cambodia akanusa mabomu ya ardhini 71 na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Panya wetu. Na hao hao APOPO wamekuwa wakiwafundisha panya buku kazi ya kifusi, kwa kushirikiana na timu ya uokoaji ya GEA ya Uturuki: panya anavalishwa kibegi mgongoni chenye kamera na maiki, anaingia kwenye tundu ambalo mbwa hapiti, akimkuta mtu anavuta kitufe kwenye kizibao chake, akisikia mlio anarudi. Fikiria yule dada wa simu, chaji imekata, alafu giza lile linaingia panya mwenye maiki na sauti ya kaka yake inatokea humo. Hiki kitu kinafundishwa masaa machache kutoka Kariakoo kwa SGR!

Mbwa na panya hawashindani. Mbwa anatembea juu ya kifusi kikubwa kwa dakika chache anasema kona hii, panya anashuka kona hiyo anasema chini hapa. Nchi yenye vyote viwili ndani ya mipaka yake haina sababu ya kusubiri ndege. Lakini sio kwamba mbwa wa pembe za ndovu ukimleta Kariakoo kesho ataweza, hapana. Anayenusa kitu na anayenusa mtu hai aliyefichwa wamefundishwa tofauti, kumfundisha na mwongozaji wake mpaka waive ni mwaka na nusu kwenda juu, na inabidi wapimwe tena na tena. Ninachosema tunao watu wanaojua kufundisha. Ujuzi wa kumtunza mbwa kazini, kumtibu, kumchagua, upo hapa na unaongea Kiswahili.

Tuje kwenye jambo ambalo watu wa pwani tunaliongea kwa chini chini. Mbwa. Wengi wetu ni Waislamu tunaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, unaosha mara saba na moja iwe kwa udongo, na mtoto wa uswahilini anakua akijua mbwa ni wa kurushiwa jiwe. Siwezi kuandika makala hii nikajifanya hilo halipo. Nilimuuliza mzee mmoja jirani yangu wa fremu, anauza kanzu na misala, mtu wa swala tano. Nikamwambia, shikamoo baba, hivi wewe ukiwa chini ya kifusi akaja mbwa akakulamba uso, utajisikiaje? Akaniangalia muda. Akasema, "Marahaba. Nitaosha mara saba, maji yapo na udongo upo. Wewe nitoe kwanza." Akanikumbusha mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, akanikumbusha mbwa wa kuwindia katika Suratul Maida, na ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake Mungu akamsamehe. Uturuki ni nchi ya Waislamu na waliwapokea mbwa wa Mexico kwa mikono miwili. Kwa hiyo mimi sidhani dini ndo kikwazo. Kikwazo ni mazoea, na mazoea ya kumwona mbwa ni wa kufukuzwa tu yanabadilika siku mtu akimwona akifanya kazi.

Pesa? Kikosi kidogo sio cha bei ya daraja. Na mbwa mwenyewe sio lazima atoke nje kwa bei ya gari. Wakati London inapigwa mabomu 1940 kulikuwa na mbwa koko asiye na mwenyewe anaitwa Rip, waliomkuta mtaani Poplar wakamlisha mabaki, akaanza mwenyewe kunusa watu chini ya vifusi, bila kufundishwa rasmi, akasaidia kupatikana kwa zaidi ya watu 100, wakampa medali 1945. Na California kuna taasisi ya mbwa wa maafa iliyoanzishwa 1996 na Wilma Melville, mwalimu mstaafu, ambayo inachukua mbwa kutoka kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa. Wanamtaka yule msumbufu, asiyetulia, anayetafuna viti, anayeweza kufukuza mpira mpaka jua lizame, ambaye hakuna familia inayomvumilia nyumbani. Hawa Dar wamejaa.

Na kama mtu anataka mfano wa Afrika usio wa tetemeko, aangalie George, Afrika Kusini. Mei 2024 jengo linajengwa likashuka na mafundi ndani, wengine wametoka Malawi na Msumbiji, watu wetu kabisa. Mbwa wa nchi hiyo hiyo walikuwa pale, timu za nchi hiyo hiyo zilikuwa pale. Walikufa 34, inauma. Lakini siku ya tano kuna fundi alitolewa akiwa hai. Siku ya tano! Kikosi kilichoko nyumbani hakina ndege ya kurudi, kinaendelea kutafuta tu.

Msingi wa mafunzo yenyewe ukiuona utashangaa. Ni kombolela. Mtu anajificha, mara ya kwanza mbwa anamwona anavyojificha, anakimbilia, anabweka, aliyejificha anatoka na mpira wanacheza wawili kwa furaha kubwa. Kesho anajificha mbali zaidi. Kesho kutwa ndani ya pipa lililofungwa, mbwa hamwoni, ana pua tu. Baadaye chini ya kifusi, usiku, kukiwa na kelele, kukiwa na chakula cha kumpoteza maboya. Mbwa kichwani kwake anaenda kucheza, anamtafuta mwenzake mwenye mpira. Na ndo maana kwenye maafa makubwa mbwa wakikuta maiti tu siku nzima wananyong'onyea, na waongozaji wao wanamwomba mwenzao mmoja ajifiche makusudi kifusini ili mbwa amkute mtu hai, abweke, apewe mpira wake, apate moyo wa kuendelea. Niliposoma hiyo niliweka simu chini nikakaa kimya kidogo.

Kinachogharimu kweli kweli ni kifusi. Vituo vya wenzetu vinajenga vifusi vya bandia, wanamwaga zege wanalivunja, wanapanga mabomba ya watu kujificha. Sisi Kariakoo nyumba za zamani zinavunjwa kila wiki kupisha maghorofa. Ombi langu kwa manispaa na zimamoto na polisi na watu wa Morogoro na wa Usa River ni dogo sana: kabla kifusi hakijapakiwa kwenye malori, kiachwe wiki mbili, kizungushiwe mabati, injinia akikague kwanza, mbwa na waongozaji wapewe asubuhi zao kuanzia saa kumi na moja kabla soko halijafunguka. Vijana wa mtaa watajitolea kujificha, mimi wa kwanza. Mwaka jana nilipita ofisi moja kuuliza raia anajiandikisha wapi kusaidia mambo ya uokoaji, nikaambiwa niandike barua, niliandika, sijajibiwa. Nitaandika nyingine na hii makala nitaiambatanisha.

Nyuma ya fremu yangu hivi sasa kuna nyumba imevunjwa, kifusi kipo wiki ya tatu. Jumapili jioni watoto wa mama ntilie wa pale kona walikuwa wanacheza kombolela juu yake, na kuna koko mmoja mwekundu, wanamwita Bobi, anawafuata. Dogo mmoja wa miaka kama saba alijificha kwenye lile pipa la maji lililolala chini ya slabu, wenzake wakamtafuta mpaka wakachoka wakaanza kuita jina lake kwa hofu. Bobi hakuita mtu. Alizunguka upande wa upepo, akainua pua, akarudi nyuma hatua mbili, akaenda moja kwa moja kwenye pipa akasimama hapo anabweka, mkia unacheza, mpaka dogo akatoa mkono na kipande cha chapati.